Kuongeza VVR kwenye amplifaya ya gitaa ya EL84 mbili: mosfeti gani, ikae wapi, na priampu ifanywe nini?

nyuzi_sita

Wakuu, habari za jioni. Nina amplifaya ya gitaa ya valvu ya kujengea nyumbani, inafanya kazi vizuri, ila inaanza kukwaruza ikiwa imeshapaa mno. Nataka kuiongezea kidhibiti cha volteji (VVR) cha mosfeti, yaani transista ya nguvu, ili ikwaruze kwa sauti ndogo. Hali yake ni hii:

- EL84 mbili (valvu za nguvu), pushi-pulu (zinapokezana nusu za wimbi), bayasi ya kathodi (volteji ya kutuliza valvu inatokana na rezista ya kathodi). Rezista moja ya pamoja, omu 130, wati 10. Kathodi inasoma volti 10.9.
- ECC83 (valvu ndogo) moja ya kugawa fezi, yaani kuzipa EL84 ishara mbili zilizopinduana, nyingine ya priampu (hatua ya kwanza ya kukuza ishara). Voliumu na toni tu, hakuna masta (voliumu ya pili, baada ya priampu).
- Transfoma ya umeme 250-0-250, dayodi za silikoni, kapasita ya kwanza 47 µF. B+ (volteji kuu ya valvu) ni volti 320 valvu zikiwa na moto, 375 zikiwa baridi.
- Kutoka kapasita ya kwanza, waya unakwenda katikati ya transfoma ya kutolea sauti. Kisha 1k hadi skrini (47 µF), 10k hadi kigawa fezi (22 µF), 22k hadi priampu (22 µF).
- Umeme wa ukutani 230, usiku mwingine unapanda mpaka 245.

Naomba kujua: mosfeti gani inafaa? Niikate waya wapi? Priampu nayo ishushwe au ibaki? Poti ya kawaida itahimili volti hizo? Spika yangu ni ya dB 97 kwa wati 1, je nitafika kwenye sauti ya chumba cha kulala?

ValvuMoto

Mkuu, umeshanusurika na shida kubwa kuliko zote kwa kuwa na bayasi ya kathodi. Volteji ikishuka, mkondo unashuka, na volti za kathodi zinashuka nao zenyewe. Valvu zinabaki mahali pake bila wewe kugusa kitu. Rezista yako ya omu 130 usiibadilishe.

Mosfeti ya chaneli N inakaa kati ya kapasita ya kwanza na vyote vinavyofuata. Mguu wa dreni (D) unapokea volti 320, mguu wa sosi (S) unalisha transfoma ya sauti na skrini, na mguu wa geti (G) unaamriwa na poti. S inaifuata G kwa pengo la volti 4 hivi: G ikiwa 160, S ni 156. Hita hazihusiki kabisa, zinaendelea kupata 6.3 zake. Hapo ndipo VVR inapoizidi Variac (transfoma ya kupandisha na kushusha umeme wa ukutani), kama ile aliyoitumia Eddie Van Halen na Marshall yake: Variac inashusha hita pamoja na B+.

Vifaa:

- Mosfeti FQPF8N80C: volti 800, ampea 8, mgongo wake ni wa plastiki. IRF840 (volti 500) nayo inafanya kazi na kwa mafundi wa pawasaplai ni ya kawaida. Lakini B+ yako ikiwa 375 baridi, na umeme ukipanda mpaka 245, unafika karibu 400. Mimi singependa kubaki na akiba ya volti 100 tu.
- Poti 1M, milimita 24, yenye kuhimili volti 500.
- Rezista 100k, wati 1, kati ya mguu wa chini wa poti na athi.
- Rezista 220k, wati nusu, kutoka mguu wa kati wa poti.
- Kapasita ya filamu 0.47 µF, volti 630.
- Rezista 1k ya mguu wa G.
- Zena (dayodi ya kuweka kikomo cha volteji) ya volti 12, wati 1 (1N4742A).
- Kapasita 10 µF, volti 450, kwenye S.
- Fyuzi 200 mA kabla ya D.
- Rezista 220k, wati 2, sambamba na kapasita ya kwanza, ya kuimwaga chaji ukizima.

Namna ya kuunga: kapasita ya kwanza, fyuzi, D. Mguu wa juu wa poti uunge baada ya fyuzi, wa chini upitie 100k hadi athi. Mguu wa kati unapita 220k na kufika kwenye kituo kimoja. Hapo kapasita ya 0.47 inashuka athi, na kutoka hapo hapo 1k inaingia G. Zena iwe kati ya G na S, mstari wake ukielekea G. S inakwenda katikati ya transfoma ya sauti na kwenye 1k ya skrini. Kapasita ya skrini ipunguze kutoka 47 hadi 22 µF.

Michoro mingi ya VVR inayozunguka ina poti, rezista ya omu 100 kwenye G na zena, basi. Inafanya kazi siku ya kwanza. Hizo 220k na 0.47 µF nimeziweka kwa sababu mbili, na ndizo zinazoamua kama mosfeti itaishi.

Ya kwanza ni wakati wa kuwasha, hasa kama una swichi ya stendibai kabla ya mosfeti. Kapasita za upande wa S ni tupu, D ina volti 370, na G imeshapandishwa na poti papo hapo. Mosfeti inafunguka yote, na nishati yote ya kujaza kapasita inaungulia ndani yake kwa kufumba na kufumbua. Kapasita ya 47 µF kwa volti 350 ni karibu jouli 3, na kipande kile kidogo cha silikoni hakiwezi kuzimeza kwa mpigo mmoja. Kwa 220k na 0.47 µF, G inapanda kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, S inaifuata polepole, na mkondo wa kujaza haupiti 0.2 A.

Ya pili ni pale unapoishusha poti ghafla. G inaanguka, lakini S bado imeshikiliwa juu na kapasita zake. Zena sasa inapitisha mkondo kwa upande wake wa mbele, kutoka S kwenda G, kisha kwenye mguu wa kati wa poti na kushuka athi. Kama njiani kuna omu 100 peke yake na poti iko chini kabisa bila rezista ya mkiani, volti 300 zinapita humo. Rezista inapasuka au njia ya kaboni ya poti inaungua mahali pamoja, na kuanzia hapo poti inakwaruza daima. Kwa 220k, mkondo huo haufiki mA 2.

Faida ya ziada ni kwamba kapasita ile inachuja mvumo wa 100 Hz kwenye G, na S inatoka safi kuliko D. Ukiona mvumo unapungua ukishusha poti kidogo kutoka juu kabisa, usishangae. Juu kabisa mosfeti imefunguka yote na haichuji tena.

Sasa joto. Amplifaya ya bayasi ya kathodi mbele ya mosfeti ni kama rezista, kwa hiyo mosfeti inaungua zaidi ukiwa nusu ya volteji, si ukiwa chini kabisa. Ukiwa juu inatumia volti 320 na mA 89 hivi (EL84 mA 84, na ECC83 mbili mA 5), yaani wati 28.5. Robo yake ni wati 7, na hilo ndilo joto kubwa utakaloliona kwa mosfeti. Chesisi ya alumini ya milimita 2 au 3 inatosha, uso uwe safi, grisi ya joto iwe nyembamba. Ya bati jembamba la chuma haitoshi. Ongeza bamba la alumini la sentimita 10 kwa 8.

IRF840 ina bati mgongoni, na bati hilo ni D, yaani lina volti 320. Weka kipande cha maika na bushi ya plastiki kwenye skrubu, halafu pima kwa multimita kati ya bati na chesisi kabla ya kuunga nyaya za mosfeti. Ikisoma chochote chini ya 20M, fungua urudie.

Rezista ya 1k ichomelewe kwenye mguu wenyewe wa G, si upande wa pili wa waya. Zena nayo iwe miguuni mwa mosfeti. Waya wa kwenda kwenye poti unaweza kuwa mrefu, hauna shida.

Kupima: ng'oa EL84 zote mbili. Toa waya wa transfoma ya sauti na ule wa 1k kwenye S, weka rezista ya 10k, wati 10, kati ya S na athi. Weka balbu ya nyuzi ya wati 60 (si LED) mfululizo na waya wa laivu. Washa poti ikiwa chini: S isome volti 30 hivi. Pandisha taratibu, ipande bila kuruka hadi 350 au 370, kwa sababu mzigo ni mdogo. Usikae juu zaidi ya sekunde chache, rezista inachemka. Ikiwa sawa, zima, subiri dakika nzima, pima kapasita ya kwanza mpaka isome chini ya volti 10, ndipo uguse. Kisha rudisha nyaya na valvu, ondoa balbu, pima kathodi. Poti juu, isome karibu 10.8. S ikiwa 160, kathodi iwe kati ya 4 na 5.

MwalimuOmu

ValvuMoto amemaliza upande wa mosfeti. Niongeze kuhusu poti na sauti.

Poti ya 1M kwa volti 320 inapoteza wati 0.1 tu, kwa hiyo wati si tatizo. Tatizo ni volteji. Poti ndogo za milimita 16 nyingi hazikutengenezwa kwa volti 300 na zaidi kati ya miguu yake, na za logi mara nyingi zina kiwango cha chini kuliko za linia za aina ile ile. Soma karatasi ya data ya ile unayonunua. Mwili wa poti uungwe na chesisi kwa nati yake barabara, maana siku kaboni ikitoboka, volti hizo ziende athi, si kwenye vidole vya mpigaji.

Poti ya linia ina kero moja: mabadiliko yote ya sauti yanasongamana mwishoni mwa mzunguko upande wa chini. Nusu ya volteji ni kushuka dB 6 tu, robo ni dB 12, sehemu ya kumi ni dB 20. Hivyo robo tatu za mzunguko zinakupa dB 12, na kinachobaki kinaanguka ghafla. Dawa ni kuweka rezista kati ya mguu wa kati na athi ili poti iige logi. Lakini isiwe chini ya 470k. Ukiweka 220k, ukiwa karibu na juu mA 1.4 zinapita kwenye kipande kidogo cha kaboni, na poti ya 1M yenye wati nusu inahimili mA 0.7 tu popote kwenye njia yake. Itaungua upande wa juu na hutajua kwa nini.

Kuhusu chumba cha kulala, fanya hesabu usije ukakata tamaa baadaye. Nguvu inafuata mraba wa volteji. Volti 320 zikitoa wati 15, volti 160 ni wati 3.7, volti 80 ni wati 0.9, volti 40 ni 0.23, na volti 25, ambazo ndizo za chini kabisa kwa 100k ya mkiani, ni 0.09. Kwa kweli itakuwa pungufu kidogo ya hapo. Spika ya dB 97 ikipewa wati 0.09 inatoa dB 86 kwa mita moja. Mtu akizungumza kawaida umbali huo ni kama dB 60. Kwa hiyo usiku wa manane bado majirani watakusikia.

Unaweza kushusha 100k hadi 47k na S ikafika volti 10, ila sauti ya chini ya volti 40 inakuwa kama ya betri iliyokwisha: noti inakatika kabla haijaisha, na besi inapotea. Ninachopendekeza ni VVR ikae volti 60 hadi 80, na mbele ya spika uweke L-pad (kipunguza nguvu inayofika kwenye spika) ya omu 8. Kwa wati 1 L-pad haichemki. Hata hivyo nunua ya wati 50, kwa sababu ipo siku mtu ataipandisha VVR mpaka juu akiwa amesahau, na amplifaya ya wati 15 ikikwaruza vilivyo inatoa zaidi ya hizo 15.

Na masikio yenyewe husikia besi pungufu sauti ikiwa ndogo. Mwili wa spika nao hautetemeki ulivyozoea. Hayo VVR haiwezi kuyarudisha, rekebisha toni.

Kwa priampu, mimi ningeiacha na volteji yake kamili na kushusha EL84 pamoja na kigawa fezi. Kigawa fezi lazima kishuke pamoja na EL84. Kikibaki na volti 280 wakati EL84 ziko 60, kitazisukuma gridi zake mpaka kapasita za kuunganisha zijae chaji, na sauti itakuwa ya kukohoa, ikijifunga baada ya kila mpigo mzito. Priampu ikibaki juu, toni ya gitaa haibadiliki unapozungusha poti.

Ukifanya hivyo, usiilishe priampu kutoka kapasita ya kwanza kwa rezista moja. Zamani ilikuwa mwisho wa mnyororo wa vichujio vitatu, sasa umeiruka. Pale kwenye kapasita ya kwanza kuna mvumo wa karibu volti 15 hadi 19 kilele kwa kilele. Rezista ya 33k na 22 µF inaugawa kwa 450 hivi, zinabaki mV 30 au 40, na priampu itauvumisha mpaka uusikie chumba cha pili. Gawanya: 15k na 22 µF, halafu 18k na 22 µF nyingine. Hapo unabaki na sehemu ndogo ya mV 1, na priampu inapata volti 250 kama inakula mA 2.

chesisi_tupu

Hapo kwenye priampu natofautiana na MwalimuOmu, kwa amplifaya hii hasa.

Amplifaya ya nyuzi_sita haina masta. Priampu ikibaki na volti 250 itakuwa inatoa ishara ile ile iliyokuwa ikitoa, wakati kigawa fezi kimebaki na volti 60 na hakina nafasi ya kuipokea. Kitakachokwaruza kwanza ni kigawa fezi, na mkwaruzo wake ni mkali, wa kukatakata, si ule wa EL84 anaoutafuta. Ili kuukwepa lazima voliumu ishushwe kila VVR inaposhushwa, au poti iwe ya miguu sita, nusu ya pili ikipunguza ishara ya kuingia kigawa fezi. Inawezekana, lakini ni kazi, na poti mbili kwenye mhimili mmoja zenye kuhimili volti 500 si rahisi kupatikana.

Ukishusha vyote kwa pamoja, uwiano kati ya hatua unabaki. Voliumu ikiwa mahali pale pale, mahali inapoanza kukwaruza panabaki karibu pale pale. Ubaya ni kwamba ECC83 ikipata volti chini ya 100 hivi inafifia juu na kuwa nzito, noti za nyuzi nene zinasongamana. Kwa mtu anayecheza volti 100 hadi 320, wala hataligundua hilo.

Kwa hiyo anza na vyote. Kwanza ni rahisi, hakuna waya wa kuhamisha baada ya skrini: mnyororo wa 1k, 10k na 22k unabaki ulivyo. Sikiliza wiki nzima. Kama chini ya volti 100 ndiko unakokaa na unaona tope, hamisha priampu kama alivyoeleza MwalimuOmu na uongeze masta kabla ya kigawa fezi. Usiweke swichi ya kuchagua kati ya njia hizo mbili kwenye paneli. Swichi ndogo za kawaida hazikutengenezwa kukata volti 300 za moja kwa moja, zinapiga cheche ndani hadi zinaungana.

Jambo jingine dogo: kama hita umezipandisha kwa volti chache kutoka B+ ili kupunguza mvumo, kigawanyaji hicho kilishwe kabla ya mosfeti. Vilevile kwa mwenye tremolo: osileta yake ilishwe kabla ya mosfeti, la sivyo inanyamaza ukishusha.

nyuzi_sita

Shukrani sana wakuu. Nimejenga kama ValvuMoto alivyoelekeza, vyote vikishuka pamoja, kwa FQPF8N80C. Kwa 10k ilipanda kutoka volti 31 hadi 366. Pamoja na valvu nimepata hivi:

- Poti juu: S volti 316, kathodi 10.8
- S volti 160: kathodi 4.5
- S volti 80: kathodi 1.9
- Poti chini: S volti 25

Mambo mawili bado. Kati ya volti 120 na 200 kuna mlio kama redio iliyo nje ya stesheni, na mosfeti inakuwa ya moto kiasi cha kutogusika, wakati kwa hesabu nilitegemea wati 6. Kisha nikizungusha poti haraka nasikia "tum" kwenye spika. Hilo la pili ni kawaida?

ValvuMoto

Vipimo vya kathodi ni vizuri, usiguse kitu huko.

Mlio ule na joto vyote ni kitu kimoja: mosfeti inalia kwa masafa ya juu, ya megahezi, ambayo multimita haiyaoni. Angalia 1k iko wapi. Kama imechomelewa kwenye kituo cha kapasita ya 0.47 na kutoka hapo kuna waya wa sentimita 10 au 20 hadi G, basi waya huo ndio tatizo. Ihamishe, mwili wa rezista ugusane na mguu wa G. Waya wa S hadi 10 µF nao uwe mfupi, na athi ya 0.47 iende kwenye athi ya 10 µF, si kwenye skrubu iliyo karibu. Kama umefunga waya wa poti pamoja na waya wa anodi za EL84, watenganishe.

Kama ukishafanya hivyo bado inalia, ongeza 1k iwe 2.2k. Haibadilishi kitu kingine.

Kujua kama imepona: weka redio ya AM sentimita 30 kutoka kwenye chesisi, zungusha poti yote. Kelele ya redio isibadilike unapopita volti 120 hadi 200. Baada ya hapo mosfeti itakuwa ya moto kiasi cha kushika chesisi mahali pake bila kuondoa mkono. Kumbuka kushika chesisi, si mosfeti.

"Tum" ni ya kawaida. EL84 mbili hazifanani kabisa, kwa hiyo volteji ya pamoja ikihama, tofauti yao inapita kwenye transfoma. Ikikukera, ongeza 0.47 hadi 1 µF. Itakuwa nzito kuitika lakini laini. Ikiwa "tum" ni kubwa sana upande mmoja wa mzunguko tu, hiyo ni poti, safisha au badilisha.

Na siku moja ikitokea S inabaki volti 320 hata poti ikiwa chini, usitafute mbali. Mosfeti imeungana D na S, ndivyo zinavyokufa mara nyingi. Valvu hazidhuriki, amplifaya inarudi tu kuwa vile ilivyokuwa. Badilisha mosfeti na zena kwa pamoja, pima na 1k.

kamba_ya_besi

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nina 6L6 mbili (valvu za nguvu), B+ 430, bayasi ya kudumu (volteji hasi inayoletwa kwenye gridi, haifuati B+) volti -45. Naweza kutumia mchoro huu huu?

MwalimuOmu

Mchoro wa mosfeti ndiyo, lakini si peke yake. Ukishusha B+ hadi 215 huku bayasi ikibaki -45, valvu zinafungwa kabisa. Utasikia mkwaruzo mwembamba unaokatika pale ishara inapovuka sifuri, na noti ndogo hazitoki. Kwa 215 unahitaji karibu -22. Bayasi lazima ishuke kwa uwiano ule ule.

Njia nyepesi ni kuibadilisha iwe ya kathodi, ukikubali kupoteza nguvu kiasi. Njia nyingine ni poti ya mhimili mmoja yenye sehemu mbili, moja ikiamuru G, nyingine ikigawa volteji ya bayasi. Rezista za mkiani ziwe na uwiano sawa pande zote mbili, kama huku ni 1M na 100k, kule ni 100k na 10k. Na hakikisha kwamba mguu wa kati wa sehemu ya bayasi ukikatika, gridi zinavutwa kwenye hasi zaidi na si kwenye sifuri. Weka rezista kubwa kutoka mguu huo hadi kwenye hasi kamili, 470k au zaidi, halafu urekebishe bayasi upya kwa poti ikiwa juu na tena ikiwa nusu. Bila rezista hiyo, poti chafu inatosha kuzifanya anodi ziwake nyekundu.

Joto lako nalo ni la kiwango kingine. 6L6 mbili zikipigwa kwa nguvu zinakula karibu mA 200. Kwa volti 430 hizo ni wati 86, na robo yake ni wati 21. FQPF8N80C iliyofungwa kwenye ukuta wa chesisi haitoshi. Tumia STW12NK90Z, ya volti 900 na ampea 11, kwenye bamba la kupozea lenye mapezi lililo nje ya chesisi. Mgongo wake ni D, kwa hiyo bamba lote litenganishwe na mosfeti kwa maika na liungwe na athi, na upime 20M kati ya mgongo na bamba kabla ya kuunga nyaya za mosfeti. Fyuzi iwe 400 mA, na kapasita ya 0.47 ya volti 630 inatosha kama B+ yako baridi haipiti 550.